Uvimbe na Jirani Yake

Moraa hakumgonga mtoto. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walilieleza kila mmoja kwa namna yake.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, saa kumi kasoro robo alasiri, kwenye kituo cha nne cha safari ya basi la shule aliloendesha, nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Finch. Watoto wanne walishuka. Moraa alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akatazama na kile cha duara kinachotokeza mbele ya basi, kisha akaachia breki. Basi lilisogea kama hatua moja. Papo hapo mwanamke aliyekuwa akisubiri kando ya barabara akajitosa mbele, akapiga boneti kwa viganja vyote viwili. Moraa akakanyaga breki. Mwanamke akainama kwenye pembe ya kulia ya basi, akainuka na msichana wa miaka mitano au sita, koti jekundu, glovu moja mkononi. Ilikuwa imemdondoka, naye akarudi kuiokota.

"Alikuwa hapo hapo," yule mama alisema aliposimama mlangoni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Koti jekundu. Hukumwona kweli?"

"Sikumwona, mama. Nisamehe. Sikumwona."

Walikuwa wamebaki watoto kumi na mmoja ndani ya basi. Moraa alizima injini, akawasha taa za tahadhari, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Kisha akaita ofisini kwa redio.

"Umemgusa?" aliuliza Reena, msimamizi wake.

"Hapana."

"Basi hakuna ajali. Malizia safari, ripoti tutaandika ukirudi."

"Simalizii. Niletee dereva mwingine."

"Moraa, sina dereva mwingine saa hizi."

"Basi tutakaa."

Wakakaa dakika hamsini. Theluji nyepesi ilianza, watoto wakachora kwa vidole kwenye vioo vyenye ukungu. Baba mmoja aliyepigiwa simu na mwanawe alifika kumchukua. Alipanda ngazi ya kwanza, akamsogelea Moraa uso kwa uso kama mtu anayenusa. "Umekunywa?" akauliza. Moraa akamjibu kwamba hanywi, mume wake ni shemasi wa kanisa. Alipokwisha kusema hivyo akaona aibu kwamba amejitetea kwa jina la mumewe mbele ya watoto.

Dereva mwingine alipofika, Moraa alimkabidhi ufunguo akashuka. Hakuuomba tena.

Ugonjwa wa Moraa ulikuwa na jina tangu mwezi wa Mei. Jumapili moja ya Aprili alikuwa amesimama kwenye kwaya, na blauzi yake ikalowa maziwa mbele ya watu mia moja na hamsini. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na kumi na tano. Dada mmoja wa sauti ya pili alimnong'oneza pongezi. Nyumbani Nahashon, mumewe, aliuliza swali moja tu: "Mimba ni ya nani?" Kisha akahamia kwenye kochi la sebuleni, akalala huko wiki tano, mpaka barua ya daktari wa homoni ilipofika. Barua ilisema kuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere inayoning'inia chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Si saratani. Uvimbe huo ndio uliokuwa ukitoa homoni ya maziwa. Nahashon aliisoma barua mara mbili, akairudisha kwenye bahasha, na usiku huo akarudi chumbani na mto wake. Kuomba radhi hakuomba.

Vidonge vilikuwa viwili kwa wiki. Maziwa yalikauka, hedhi ikarudi, na Septemba vipimo vya damu vikawa safi. Nahashon alisimama kanisani akatoa shukrani. Watu walipiga makofi. Moraa naye alipiga makofi, ingawa kichwa kilikuwa kinamgonga nyuma ya macho, na ingawa siku mbili kabla alikuwa amejigonga bega kwenye mlango wa jikoni kwake mwenyewe.

*

"Kwa hiyo umerudisha ufunguo," Nahashon alisema.

Alikuwa ametoka kazini, kwenye bohari huko Mississauga, hajavua viatu vyenye chuma mbele. Moraa alikuwa akikata sukuma wiki.

"Nimerudisha."

"Hukumgusa mtoto, na kazi umeiacha."

"Sijaiacha. Nimekataa kuendesha mpaka nijue nina nini."

"Ulikuwa nacho. Daktari alisema umepona."

"Daktari alisema damu imepona. Macho hakuyapima."

Nahashon akavuta kiti, akaketi. "Moraa, mimi nimesimama mbele za watu. Nimesema kwa kinywa changu kwamba Mungu amemaliza kazi yake. Sasa niende niwaambie nini? Kwamba amebadili mawazo?"

"Waambie mke wako haoni pembeni."

"Daktari anasema hivi, mchungaji anasema hivi. Wewe ni nani wa kuwapinga wote?"

"Mimi ndiye mwenye macho, Baba Kwamboka."

Alisema bila ukali, huku akiendelea kukata. Kwamboka, binti yao, alikuwa amesimama kwenye korido akisikiliza. Aliingia, akamshika mama yake mabega na kumkalisha, akasema kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yake, kwamba shuleni waliwahi kufundishwa namna ya kupima jambo hilo. Alimwambia mama yake amtazame puani, asiondoe macho. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kando, akaanza kuvichezesha vidole na kuvileta mbele polepole.

"Ukiviona useme," alisema.

Vidole vilikuja. Vilipita usawa wa masikio ya Moraa, vikapita mashavu. Nahashon, aliyekuwa ameketi nyuma ya mkewe, aliviona tangu mwanzo. Alingoja mkewe aseme. Vidole vilikuwa karibu vigusane mbele ya uso wa Kwamboka ndipo Moraa aliposema, "Hapo. Sasa naviona."

Kwamboka akashusha mikono, akamtazama baba yake. Nahashon alivua viatu, akavipanga mlangoni, akachukua muda mrefu kuvipanga.

*

Daktari wa homoni alikuwa na nafasi Februari. Aliyepokea simu alisema hivyo kwa upole, na Moraa aliporudia neno macho, akamwambia kwamba kwa umri wake si ajabu kuhitaji miwani.

Basi Moraa akaenda kwa watu wa miwani. Kulikuwa na duka la miwani North York, katikati ya duka la samosa na la kutuma fedha, na mwenye duka alikuwa daktari wa macho kijana aitwaye Tazmin. Mapokezini aliketi mama yake, Bi Gulnar, mwanamke wa miaka sabini na ushee, sweta ya zambarau, kalamu sikioni.

"Wewe mtu wa wapi, mama?" aliuliza kwa Kiswahili alipoona jina kwenye fomu.

"Kisii."

"Kisii. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Kisumu, watu wa Kisii walikuwa wateja wake wazuri. Hawakopi." Akaandika. "Taabu gani?"

Moraa akaeleza. Bi Gulnar akaacha kuandika katikati ya maelezo, akainuka, akampeleka ndani mbele ya watu wawili waliokuwa wametangulia.

Kipimo kilichukua nusu saa. Moraa aliweka kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, akatazama nukta moja, na kila alipoona kimwanga akabonyeza kitufe. Muda mwingi hakubonyeza. Alisikia mashine ikibofya upande wa kulia na wa kushoto, akajua pale pana mwanga uliokwenda bila yeye.

Tazmin alimwekea karatasi mezani. Duara mbili. Jicho la kulia lilikuwa jeusi nusu ya kulia. La kushoto, nusu ya kushoto.

"Macho yenyewe ni mazima," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikitumia. "Nyuma, mishipa ya macho mawili inakutana. Kuna kitu kinasukuma pale. Hii si ya miwani."

"Naweza kuendesha?"

"Hapana. Na sheria inataka nipeleke ripoti kwa watu wa leseni. Samahani."

"Peleka. Mimi ufunguo nilisharudisha." Moraa aliikunja karatasi, akaikunjua tena. "Lakini na mimi niandikie barua ya hospitali, daktari. Uiandike kwa maneno ya kutisha."

"Haya yanatisha yenyewe," Tazmin alisema.

Hospitali haikupokea simu kwa urahisi. Bi Gulnar aliweka simu kwenye spika, muziki ukapiga, akaendelea kufuta miwani ya maonyesho. Moraa alimwambia asijisumbue, yeye angepiga kutoka nyumbani.

"Kaa," Bi Gulnar alisema. "Miaka thelathini nimekaa dukani. Kungoja mtu asiyetaka kukuona ndiyo kazi ninayoijua."

Saa moja na dakika ishirini baadaye sauti ilijibu. Bi Gulnar akasoma barua ya binti yake neno kwa neno, akarudia mara mbili pale paliposema upofu.

*

Picha ya kichwa ilipigwa Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi. Jumatano yake daktari wa homoni aliwaita. Nahashon aliomba ruhusa kazini, akaja, akaketi kofia magotini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba kile.

Daktari alikuwa mtu mstaarabu, mwenye haraka. Aligeuza kompyuta wapate kuona. "Nilitarajia uvimbe uwe umesinyaa," alisema. "Haujasinyaa. Kwa ujumla umeongezeka milimita tatu, na unagusa mishipa ya macho." Akamgeukia Moraa. "Mama, dawa unakunywa?"

"Jumatatu na Alhamisi."

"Kila wiki? Wagonjwa wengi husahau. Si kosa, ila ni vizuri nijue."

Nahashon aliinamisha kichwa kama aliyeulizwa yeye. Moraa alikuwa amekinywa kila kidonge, vingine kwa kichefuchefu, kimoja akakitapika barabarani na kununua kingine.

"Homoni ya maziwa iko vipi sasa?" akauliza.

"Iko sawa kabisa."

"Ningekuwa sikunywa dawa, ingekuwa sawa?"

Daktari akasita. "Hapana. Ingekuwa juu."

"Moraa," Nahashon alisema kwa sauti ya chini, akamgusa mkono. "Mwache daktari afanye kazi."

Moraa hakuutoa mkono, lakini pia hakunyamaza. "Basi dawa imefanya kazi yake. Kama uvimbe wa maziwa umesikia dawa, daktari, hiki kinachokua hapa ni nini?"

Daktari aliigeukia kompyuta, akaleta picha ya Mei, akaiweka kando ya hii mpya. Akapitisha kurasa za picha mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Nipe siku mbili," daktari alisema mwishowe, na haraka yote ilikuwa imemtoka. "Nataka mpasuaji aione hii. Swali lako ni zuri. Nilipaswa kujiuliza mimi."

Kwenye lifti Nahashon hakumtazama mkewe. Walipofika ghorofa ya chini alimshikia mlango, na barabarani akahamia upande wake wa kulia, upande wa magari, bila kuambiwa.

*

Mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi aliyeongea taratibu na kuchora anapoongea. Alichora tezi. Juu yake akachora duara ndogo yenye mistari, na ubavuni mwa hiyo akachora nyingine kubwa, tupu.

"Mwanzoni vilibanana vikaonekana kitu kimoja," alisema. "Ni viwili. Huu wenye mistari ni uvimbe wa maziwa. Dawa imeusinyaza vizuri, umebaki mdogo. Lakini uvimbe ulikuwa na jirani. Hiki ni kifuko cha majimaji mazito. Huenda ulizaliwa nacho. Dawa haikijui kabisa. Chenyewe kimejaa, na ndicho kinachobana macho. Si saratani, kama mwenzake. Kuwa navyo viwili kwa pamoja ni nadra."

"Kinatolewaje?" Nahashon aliuliza.

"Kwa kupitia puani. Tunakipasua tunakikamua, na masalia ya uvimbe tunayatoa tukiweza." Akaweka kalamu. "Tezi yenyewe inaweza kuumia. Ikiumia, kuna vidonge vya kunywa maisha. Na macho siwezi kuahidi. Yanaweza kurudi yote, nusu, au yasirudi."

"Nisipokubali?" Moraa akauliza.

"Giza litaendelea kuja katikati."

"Lini unaweza kunipasua?"

"Hutaki kwenda nyumbani kufikiri?"

"Nimefikiri tangu Septemba," Moraa alisema.

Wakampa Jumanne.

*

Jumapili iliyotangulia, baada ya matangazo, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Nahashon alisimama. Alivaa suti aliyoivaa siku ya shukrani, na Moraa, aliyeketi kando yake, alidhani anaenda kuomba maombi tu. Mashemasi hujua kuomba maombi.

"Mwezi wa Septemba nilisimama hapa nikasema mke wangu amepona," alianza. Akakohoa. "Nilisema mapema. Hakuwa amepona. Mwenyewe aliniambia, mara nyingi, sikumsikia, maana nilikuwa nimeshasema. Na kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, yalisemwa mambo juu yake. Wengine mliyasema kwa sauti ndogo. Mimi niliyasema nyumbani kwangu, na sikuyaondoa." Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. "Leo nayaondoa mbele yenu. Jumanne anapasuliwa. Sitasema amepona. Nitangoja."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Kwaya haikujua kama iimbe au ingoje. Moraa alitazama mbele. Alikuwa amejiandaa kwa miezi saba jinsi atakavyojibu akiombwa radhi, na sasa hakukumbuka hata neno moja. Alichukua kitabu cha nyimbo akakifungua ukurasa wowote, akamsogezea mumewe nusu yake.

*

Upasuaji ulichukua saa tano. Nahashon alizingoja kwenye kiti cha plastiki, Kwamboka akilala begani mwake, na mara tatu alisimama kumwuliza mwanamke wa mapokezi jambo lile lile. Mara ya tatu mwanamke alimjibu kabla hajafika mezani.

Moraa alizinduka pua imejaa pamba, akipumua kwa mdomo, kiu kali imemshika kooni. Kiu hiyo ilidumu siku nne nzima. Tezi iliyotikiswa iliacha kuuamuru mwili kushika maji. Alikunywa jagi na kukojoa jagi, na kila mkojo ulipimwa kwenye chombo chenye alama. Muuguzi alipochelewa, Nahashon ndiye aliyekipeleka chombo chooni, akasoma alama kwa miwani, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Moraa alitamani kujifunika shuka.

"Mwachie muuguzi, Baba Kwamboka."

"Mia sita na arobaini," alisema Nahashon, akaandika. "Kunywa tena."

Asubuhi ya siku ya pili Moraa alikuwa amelala chali, akitazama dari, akiogopa kujipima. Mlango ulifunguka. Hakugeuza kichwa, maana walimkataza kukitikisa. Pembeni, kulia kabisa, mahali ambapo kwa miezi hapakuwa hata na giza, palikuwa tu hapana kitu, pakaja rangi ya kijivu iliyosogea. Ikawa koti. Ikawa mkono unaoweka kikombe juu ya kabati, taratibu, mtu asijue kwamba anaonekana.

"Umefunga kifungo vibaya," Moraa alisema akiendelea kutazama dari. "Cha pili."

Nahashon alitazama koti lake. Kisha akakaa chini, akaufunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika kwa muda. Moraa alimwacha. Alikuwa akishughulika kuona.

*

Mwisho wa Machi Tazmin alimpima tena. Jicho la kushoto lilikuwa limerudi lote. La kulia lilikuwa na doa jeusi pembeni juu, dogo, ambalo huenda likaondoka na huenda lisiondoke. Tezi ilikuwa imeamka nusu: kila asubuhi alikunywa kidonge cha kumpa nguvu ambazo mwili wake haukuzitengeneza tena, na alivaa bangili ya kuwaambia watu wa ambulansi. Leseni ya gari dogo alirudishiwa. Ya basi walimkatalia, wakamwandikia kwamba anaweza kuomba upya baada ya mwaka, kipimo kikiruhusu.

Alikwenda na barua hiyo mpaka yadi ya mabasi, akamwekea Reena mezani. Reena aliisoma amesimama. Tangu Novemba walikuwa wamezungumza kwa simu mara mbili, na mara zote mbili Reena alisikika kama anataka kusema jambo, akaliacha.

"Ile siku nilikwambia uendelee," alisema sasa.

"Uliniambia."

"Nimeifikiria sana."

"Mimi pia," Moraa alisema. "Nimekuja kutafuta kazi, Reena."

Kulikuwa na nafasi chumba cha redio, kuwaongoza madereva na kupokea simu za wazazi. Mshahara ulikuwa pungufu kidogo, na kazi ilianza alfajiri. Reena alimwonyesha kiti, ramani ya njia, na kompyuta mbili. Alimweleza kwamba wengi waliokaa pale hawakudumu. Wazazi walitukana, madereva walinung'unika, na wakati wa theluji vyote viwili vilikuja pamoja.

"Nitakaa mpaka Machi ijayo," Moraa alisema. "Machi nitarudia kipimo na kuomba leseni."

"Na wakikataa tena?"

Moraa aliketi, akakirekebisha kiti kwa urefu wake, akavuta ramani ikae mbele ya macho yote mawili.

"Basi la kwanza linatoka saa ngapi?" akauliza.